Tuta la Wifi

Kuna siku mtu anaanza kuitilia shaka akili yake mwenyewe. Mimi ilinikuta nimekalia ngazi za mawe zisizokwenda popote, kalamu mkononi, nikitazama maua ambayo nilikuwa nimeshayachora.

Kazi yangu ni kuchora nakshi za mapazia kwa ajili ya kiwanda cha vitambaa. Kila msimu unapobadilika, iwe masika, kipupwe, kiangazi au vuli, huwa naenda kwenye bustani ya zamani iliyo nyuma ya mtaa wetu. Aliyeijenga hakuna anayemjua. Alichotuachia ni ukuta wa mawe ulioanguka nusu, mfereji mkavu na hizo ngazi. Mahali pengine mvua imeula ukuta, mahali pengine mizizi imeushika usianguke, na miaka yote nilikuwa nikienda narudi na kitu cha kuchora.

Anayeitunza bustani ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Tangu niolewe hajawahi kunisifia hata chai. Nikimwonyesha kitambaa kipya anakipapasa, anakigeuza upande wa nyuma, kisha anauliza, "Kinachuja rangi?" Basi. Wenye mawifi mnanielewa.

Mwaka huu mambo yakaanza kwenda kombo. Nilichora nakshi ya masika, msimamizi wa kiwanda akaitazama akasema, "Hii si ile ya zamani, umebadilisha rangi tu?" Nikaichana. Nikachora kipupwe, akasema yaleyale. Mara ya tatu hakukasirika, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Labda umechoka, mama," alisema kwa upole. "Niletee kitu kipya kabla ya mvua za vuli. Ukikosa, itabidi nitafute mchoraji mwingine."

Nikawa nashinda bustanini. Kila nikikaa, macho yanaangukia kitu ninachokifahamu. Majani mekundu yamezunguka mawe ya ukuta, nimeshayachora. Asumini imefuata mfereji, mwishoni imejikunja kama mkia wa paka. Hiyo nayo nimeshaichora. Nikajiuliza kama nimewahi kubuni chochote maishani au nilikuwa nanakili tu. Lakini asumini ile niliichora jikoni, maharage yako motoni, bila kutazama kitu. Sasa niliionaje kabla ya kuiona? Nikamuuliza mume wangu kama bustani imebadilika. Akanijibu kwamba bustani ni bustani, nile nilale.

Mchana mmoja wa kiangazi nikatembea kandokando ya ukuta. Hapa lazima nieleze jambo la kazi. Nakshi ya pazia huchorwa kwenye mraba mmoja, kisha mashine inaurudiarudia, kwa hiyo ukingo wa kushoto lazima ukutane sawasawa na ukingo wa kulia. Kwenye pazia la vuli iliyopita nilikosea. Mstari wa maua ya manjano, kila ulipofika kwenye kiungio, ulishuka chini kidogo, kama mtu aliyekosea ngazi. Lilishachapwa, likauzwa hivyohivyo, na aibu yangu ikaning'inia kwenye madirisha ya watu.

Mbele yangu palikuwa na mstari wa maua ya manjano, mabichi, yana nyuki. Ulikwenda sawa, ukashuka hatua moja, ukaendelea sawa, ukashuka tena.

Nilimkuta wifi kwenye kibanda cha majembe. Dirishani lilining'inia pazia langu la vuli.

"Wifi, yale maua ya manjano nani kayapanda vile?"

"Mimi."

"Mbona mstari umeruka?"

Akanitazama kama anayeulizwa swali na mlevi. "Si ndivyo ulivyochora? Nilipata tabu hapo. Nikasema wifi yangu lazima ana sababu zake."

"Na asumini?"

"Pazia la sebuleni kwako."

"Majani mekundu?"

"La chumba cha watoto."

Nilishikwa na hasira, nikashikwa na kicheko, vyote kwa pamoja. "Wifi, mimi nakuja huku kutafuta cha kuchora. Wewe unapanda nilichochora. Sasa hapa nani anamwangalia nani? Kazi inaniponyoka hivi."

Akaifuta mikono yake kwenye kanga ya kiunoni. "Sikujua. Nilidhani unavitoa kichwani. Wazee wa mtaa walivyonipa bustani hii niitunze ilikuwa mawe na magugu, sijui nianzie wapi. Nikaona niweke vyako."

"Na hukuwahi kuniambia hata siku moja kwamba ni vizuri."

"Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji," alisema bila kuniangalia. Kisha akanivuta hadi chini ya zile ngazi. "Hata hili tuta nimelilima tangu kipupwe. Nakungoja uchore."

Lilikuwa tupu. Udongo umechanwa kwa reki, mistari imenyooka, kamba imefungwa kwenye vigingi viwili na kivuli chake chembamba kimelala chini. Nikakaa ngazini nikalichora kama lilivyo, bila kujua ninachofanya.

Msimamizi aliigeuza karatasi juu chini. "Hii ni nini?"

"Sijui," nikamwambia, na sikumdanganya. Akaigeuza tena, kisha akaipeleka ikachapwe.

Kitambaa kilipotoka, wifi sikumpelekea. Niliona haya kumpa pazia lisilo na kitu. Mvua za vuli zilipokolea nikaenda bustanini, nikakuta kila mahali pameota, hata kwenye nyufa za ukuta. Tuta peke yake lilikuwa jeusi, limechanwa upya, kamba juu yake. Wifi alikuwa amepiga magoti anang'oa vijani vidogo kwa kucha. Kibandani lilining'inia pazia jipya, lile nililomficha; kumbe alilinunua mwenyewe.

"Wifi, unafanya nini?"

"Nafuata pazia," alisema. "Ila hili umenitesa. Kila asubuhi nakuta pameota tena."

Nikatamani kumwambia apande chochote, asijichoshe, mchoro ule ulikuwa tuta lake mwenyewe. Badala yake nikauliza nilichotaka kuuliza tangu niolewe. "Lakini ni zuri?"

Akang'oa kijani kingine, akakitupa kwenye ndoo.

"Halichuji," alisema. "Shika upande huo wa kamba, imelegea."

Nikaushika.