Aliyesema Kwanza

Nyumbani walimwita Wakili, maana tangu akiwa na meno mawili hakukubali neno bila kulibishia. Sasa alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na mwalimu wa maktaba alikuwa akiwaandaa yeye na wenzake kwa masomo ya chuo, ambako, alisema, hawatamkuta mtu wa kuwaandikia majibu ubaoni.

"Kila mmoja achukue jambo linalosemwa kwao," mwalimu aliwaambia, mgongo ameuegemeza kwenye rafu ya kamusi. "Lifuateni mpaka chimbuko lake. Msiniletee 'watu wanasema.' Nileteeni aliyesema kwanza."

Wakili hakuhangaika kutafuta jambo. Mjomba wake, fundi wa majokofu, mtu wa watu, alikuwa ametuma ujumbe kwenye kundi la familia: maji ya majani fulani yanaponya kisukari, chuo kikuu kimethibitisha, vidonge ni kupoteza muda. Mama yake Wakili alikuwa na kisukari. Basi kila Jumamosi mjomba alimletea dada yake dumu la majani yaliyochemshwa, machungu ajabu, na mama aliyanywa amefumba macho.

Pale maktaba, Wakili alichapa sentensi ya kwanza ya ule ujumbe kwenye kompyuta. Kurasa zikamwagika. Akafurahi, akaanza kuzisoma moja baada ya nyingine, na furaha ikapungua. Zote zilisema yale yale kwa maneno yale yale. Hata neno "utafifi," lililokusudiwa kuwa "utafiti," lilikosewa vile vile kila mahali.

"Una mashahidi wangapi?" mwalimu aliuliza akipita.

"Wengi." Wakili akatazama tena kioo cha kompyuta. "Hapana. Mmoja. Hawa wengine wamenakili."

Ukurasa mmoja tu ulitaja jina la mtafiti, na jina hilo likamfikisha kwenye makala yenyewe, ndefu, maneno magumu kama kokoto. Akakimbilia mwisho kusoma hitimisho.

"Rudi katikati," mwalimu alimwambia, akavuta kiti. "Tazama kwanza walimpima nani."

Walisoma pamoja, kidole cha mwalimu kikitangulia. Waliopimwa walikuwa panya. Watafiti wenyewe walikuwa wameandika kwamba kwa binadamu bado hawajui. Wakili alicheka mpaka machozi yakamtoka, akawa tayari anamwona mjomba anavyokosa la kusema.

Jioni ile, akitafuta sindano ya kushonea kwenye droo ya mama, alikuta vidonge vya mwezi mzima, havijaguswa. Kicheko chote kikamwishia.

Alimfuata mama jikoni. "Mama, dawa umeacha?"

Mama aliendelea kuosha sufuria. "Nimepumzika kidogo. Mjomba wako anahangaika na yale majani, mwanangu. Naona vibaya kumvunja moyo. Halafu vile vidonge vinanisumbua tumbo."

"Twende kliniki kesho, basi. Nitakusindikiza."

Walikwenda. Sukari ilikuwa imepanda, ingawa haikuwa ya kulazwa. Daktari alisikiliza habari ya tumbo, akambadilishia dawa, akamwomba asiache tena bila kumwambia.

Jumamosi mjomba aliingia na dumu lake mkononi, akaamkiwa, akaketi. Wakili alikuwa amepanga maneno ya kumshinda. Lakini alipomwona anavyolifuta dumu vumbi kabla ya kuliweka mezani, akayaacha.

"Mjomba, ule ujumbe ulitumiwa na nani?"

"Rafiki yangu. Mtu mzima yule, hawezi kunidanganya."

"Hajakudanganya. Na yeye katumiwa. Mimi nimeufuata mpaka mwanzo wake." Akamsomea taratibu sehemu ile ya katikati.

"Panya," mjomba akasema.

"Panya, mjomba."

"Na mimi nimemnywesha dada yangu." Akamgeukia mama. "Sukari yako ikoje?"

Mama akamweleza yote, na zile dawa alizoziacha. Mjomba aliinamisha kichwa, akasugua viganja vyake. "Ungeniambia tu, dada. Mimi nilitaka upone."

"Najua," mama alisema. "Ndiyo maana sikukwambia."

Jumatatu Wakili aliwasilisha kazi yake mbele ya darasa, wakampigia makofi. Mwalimu hakupiga. "Umefika kwenye chimbuko, vizuri. Lakini baada ya makala ile hakuna aliyejaribu tena? Ulipopata jibu unalolitaka, ukaacha kutafuta."

Ilimchoma, kwa kuwa ni kweli. Akarudi kwenye kompyuta, na safari hii akapata utafiti mwingine, wa watu, wachache, waliokunywa majani hayo pamoja na dawa zao. Baadhi yao sukari ilishuka kidogo. Walioandika walisema idadi haitoshi kuamua lolote.

Angeweza kukaa kimya. Alimpigia mjomba simu, akamweleza.

"Si nilisema!" mjomba akadakia.

"Hukusema hivyo, mjomba. Ulisema yanaponya na vidonge havina kazi. Hawa wanasema labda yanasaidia kidogo, tena mtu akiendelea na dawa zake."

"Haya, Wakili. Hiyo 'labda' nitaiandika vipi kwenye kundi la familia?"

"Niandikie kwanza mimi, niisome," alisema, na mama, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akasema kwa sauti ya kufika kwenye simu kwamba hata iandikwe vipi, dumu hilo sasa alinywe mjomba mwenyewe.