Kadha za Nusaiba

Vitumbua vilikuwa vimeiva upande mmoja pale Nusaiba alipodondoka kando ya jiko la mama yake. Hakupiga kelele. Alishuka taratibu, na wateja waliokuwa wakisubiri barazani wakadhani ameinama kuokota kitu.

"Nusaiba! We mtoto!" Mwatima alimvuta mbali na moto. Jua la kijiji cha Wambaa lilishaanza kuunguza, lakini mikono ya binti yake ilikuwa ya baridi. Alipomnyanyua ndipo aliposhtuka. Msichana wa miaka kumi na sita, na alikuwa mwepesi kama kapu tupu.

"Kafunga huyo," alisema jirani yao, Bi Mwatum. "Yuwalipa kadha zake, maskini. Watoto wa siku hizi wepi wanolipa?"

Kijiji kizima kilijua. Tangu Ramadhani iishe Nusaiba alikuwa akifunga karibu kila siku, kulipa zile siku ambazo mwanamke hafungi akiwa katika ada yake ya mwezi. Katika chuo cha Kurani walimtolea mfano. Na Mwatima, tuseme ukweli, alifurahi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni dini. Ya pili hakumwambia mtu: mchele ulikuwa umepanda, sukari nayo vivyo hivyo, na katika nyumba kama ile mtoto asiyeomba chakula nani atamwita mgonjwa? Anaitwa mstahamilivu.

Magharibi ikifika Nusaiba alifuturu kwa tende na maji, akasema ameshiba. Alipika, akapakua, akawasimamia wadogo zake mpaka wamalize. Sahani yake mwenyewe aliizungushazungusha tu, kisha ikawa riziki ya paka. Kituo cha afya walikuwa wamempa dawa ya minyoo, halafu ya vidonda vya tumbo, halafu wakachoka naye.

Safari hii Mwatima aliviacha vitumbua viungue, akampeleka hospitali ya mjini. Karani wa mapokezi hakuinua hata kichwa.

"Ana nini?"

"Kaanguka. Na si mara ya kwanza."

"Msichana kuangukaanguka?" Karani alipaza sauti kana kwamba anatangaza mnada. "Hapo hapana la kuuliza, mama. Kapimeni mimba kwanza."

Benchi zima likageuka. Nusaiba alijifunika uso kwa mtandio. Mwatima aliona aibu, na kwa muda alitaka kumshika mwanawe mkono warudi zao kijijini. Lakini ule mkono alioushika ulikuwa mifupa mitupu.

"Mpimeni," alisema, kwa sauti ile ile ya karani. "Na mkishaona hana, myatafute maradhi yake. Mie siondoki hapa."

Walimpima, hakuwa na mimba. Hilo halikutangazwa.

Daktari Rahila, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alimshika Nusaiba mshipa wa mkono, akatazama saa yake, akarudia tena. Moyo ulikuwa ukienda polepole mno. Aliukunja mkono wa nguo akaona vinyweleo laini vilivyoota kama vya mtoto mchanga. Alipoomba mtandio uondolewe, nywele kadhaa zilibaki kwenye kitambaa.

"Ada yako umeipata lini mara ya mwisho?"

Nusaiba alitazama sakafu. Mama yake akamjibia: "Yuwaipata, daktari. Si ndo hizo kadha anazolipa?"

"Analipa za lini?"

"Za Ramadhani hii..." Mwatima akaanza kuhesabu siku. Ramadhani hii yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimwamsha daku. Kila usiku Nusaiba alikwenda tarawehe, hata siku ambazo yeye Mwatima alibaki nyumbani, mpaka mwezi ukaandama. Mwanamke aliye katika ada haswali, wala hafungi. "Hukula mchana hata siku moja," alisema. "Nusaiba mwanangu, walipa nini, weye?"

Binti akaanza kulia. "Nikisema nimefunga, hapana anouliza tena."

Akasimulia yalikoanzia. Ilikuwa harusi ya binamu yake. Sare haikumtosha, fundi akaunga kipande cha kitambaa ubavuni mbele ya wanawake wote, nao wakacheka. Akaanza kwa kuacha wali. Baadaye akaogopa hata uji. "Hata weye ulicheka, mama."

Mwatima alicheka kweli. Alikumbuka, na ilimuuma.

"Haya ni maradhi," alisema daktari. "Si jini, si ukaidi, wala si uchaji. Mwili ukikosa chakula unabana matumizi. Moyo unapunguza mwendo, ada inakatika, baridi inaingia. Na kichwa kinamwambia bado yeye mnene. Wengi hupona, mama. Leo namlaza. Mtaalamu wa mambo haya anatoka Unguja, akija. Sisi tuanze."

"Na chakula cha wodini?"

Daktari alikohoa kidogo. "Chakula huletwa na jamaa."

Mwatima alimtazama. Hospitali imegundua kuwa dawa ya mwanawe ni chakula, na chakula ndicho isichokuwa nacho! "Basi n'tampikia pilau," alisema kwa hasira.

"Hapana! Ukimshindilia ghafla utamuumiza moyo. Uji mwepesi, kidogo kidogo, na sisi tutakuwa tukimpima damu."

Uji aliupata kwa mama mmoja nje ya geti. Ilikuwa Alkhamisi, adhuhuri, wodi imejaa wanawake. Nusaiba alilishika bakuli kwa mikono miwili.

"Mama, naogopa."

"Na mie naogopa," alisema Mwatima. "Kunywa."

Alikunywa kijiko kimoja. Bibi wa kitanda cha jirani alimtazama kwa mshangao, akatingisha kichwa. "Mjukuu wangu, mchana wa Alkhamisi weye wala mbele za watu? Wenzio wamefunga sunna."

Mwatima alifungua kinywa amtetee, lakini Nusaiba alimtangulia.

"Mie sikufunga, bibi," alisema, na wodi nzima ikasikia. "Naumwa."

Akachota kijiko cha pili.