Kisanduku cha Swali la Tisa

...hapana, nimeshaweka alama kwenye hapana, wino umekaa ndani ya kisanduku kama mdudu aliyekanyagwa, na swali la tisa bado linaniangalia, je, kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla kabla ya kutimiza miaka arobaini, ghafla, neno gani hilo la kuandika kwenye fomu ya mbio za shule, "Mama Mshale, umemaliza?" ni muuguzi wa shule, mkono ameunyosha, muhuri uko mezani, akigonga tu basi mwanangu anakimbia Jumamosi, na mzazi akijibu ndiyo mtoto anapelekwa kwanza hospitali akapimwe moyo na mashine, Jumamosi inapita bila yeye, alitueleza wazazi wote asubuhi, kwa upole kabisa, "Bado kidogo, dada," nimesema, sauti nimeisikia kama ya mtu aliyekaa nyuma yangu, na nyuma yangu ni ukuta... kaka yangu alikufa maji, ndivyo tunavyosema kwetu, alikufa maji na miaka yake kumi na sita, yeye aliyelikata lile bwawa kwenda na kurudi huku anaimba, nami mdogo wake niko ukingoni namhesabia, ndio ulikuwa mchezo wetu, anazamisha uso nahesabu, arobaini, hamsini, akafika katikati akatulia, hakurusha mkono wala hakuita, kifudifudi, nywele zinaelea, sitini, sabini, nami nikacheka, Mola wangu unajua nilicheka, nikasema leo kajishinda mwenyewe, nikahesabu mpaka mia na arobaini... baba akamtoa, akamkandamiza tumbo, halikutoka hata tone la maji, akatutazama mmoja mmoja, "Mkiulizwa, maji yamemzidi, kwetu hakuna mtu anayekufa hivihivi," maana watu wangesema ukoo umelaaniwa, na sisi wasichana nani angetuoa, na kabla ya hapo shangazi yake baba alianguka jikoni akafa papo hapo siku upepo ulipobamiza mlango, tukaambiwa ni moshi, kila maiti kwetu ina kisingizio chake, nami miaka ishirini na sita nasali, namwombea marehemu huku nalisingizia bwawa, sala gani hiyo... dirishani namwona mwanangu uwanjani, anapasha mwili moto, kocha anamtania, "We Mshale, ukienda hivyo kivuli chako kitaomba nauli!" naye bila kugeuka, "Kivuli nimekiacha nyumbani, Kocha, kilikuwa kizito!" wanacheka wote, nami nimetazama chini ya miguu yake, saa sita hii jua liko utosini, na kweli sikuona kitu... sasa yuko kwenye mstari, kainama, kichwa chini, kimya, mgongo ule ni wa kaka, mabega ni ya kaka, hata ile shingo, na ulimi wangu umeanza wenyewe mdomoni, moja, mbili, tatu, astaghafiru, nyamaza wewe, nne, filimbi imelia na bado hajaondoka, tano, haya, kaondoka, kumbe alikuwa anafunga kamba ya kiatu... juzi alinikuta nafua, akasema, "Mama, leo kwenye kona ya mwisho macho yalizima kidogo, halafu yakawaka," nami hata sabuni sikuiweka chini, "Hukula wewe, ni njaa," upesi, upesi mno, kwa sauti ileile ya baba, njaa, yaani wengine walisubiri mtu afe ndipo wamtafutie kisingizio, mimi mwanangu nimeshampa chake angali anapumua, angali ananiomba hela ya soksi... "Mama, uko sawa?" mkono wa muuguzi bado umenyooshwa, muhuri bado uko palepale, na mwanangu leo asubuhi kanishika kanga, "Mama nakuomba, usiniharibie," atalia, atanuna, atawaambia wenzake mama yangu ndiye adui wa bahati yangu, na baba, mzee yule, ataniita msaliti mpaka siku watakapomfukia, basi na waseme, anichukie Jumamosi, anichukie siku ya harusi yake, anichukie mpaka magoti yamuume kwa uzee na meno yamtoke moja moja, "Dada," nimemwambia muuguzi, "nipe fomu nyingine, hii nimedanganya..."