Nyota Iliyokwisha Kufa

Symphorien, mfanyakazi wa tanuru la shaba, alianza shule ya jioni pale Kikula akiwa na miaka hamsini na miwili. Jioni moja ya Aprili 1987, Monsieur Alexis, mwalimu wao, aliwatoa nje uani na kuwaonyesha nukta hafifu upande wa kusini, juu ya moshi wa kiwanda.

"Munaona ile? Ni nyota kubwa imepasuka. Mwangaza wake umetembea miaka elfu mia moja na sitini. Leo tunaiona, kumbe ilikufa zamani. Majivu yake yatazaa nyota zingine."

"Kumbe hata habari ya kifo inakawia njiani," Symphorien alisema.

"Papa Sympho, kwako kila kitu ni mahubiri!" Wenzake wakacheka.

Akirudi nyumbani alikutana na jirani yake Casimir, anayepokea ujumbe wa redio kazini. Casimir alikuwa ameshika kofia mkononi.

"Yaya, kaka yangu, habari imetoka Kolwezi. Binti yenu Élise amezala mutoto mwanaume. Mutoto iko muzima, lakini Élise iko mugonjwa. Muende kesho, weye na mama Élise."

"Mugonjwa sana?"

"Mugonjwa tu." Casimir alitazama viatu vyake. "Muende wote."

Kwao msiba hautajwi kwa mtu aliye mbali. Husemwa ugonjwa, ili wazazi wapate nguvu ya kusafiri. Symphorien mwenyewe aliwahi kupeleka ujumbe wa namna hiyo mara mbili, na mara zote mbili kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa. Sasa ilimpasa anyamaze mpaka Kolwezi, mkewe Philomène asije akaanguka njiani.

Lakini habari ya ugonjwa ilikuwa imemtangulia. Mkewe alikuwa akifunga furushi: chupa ya asali, unga wa uji, nguo za mtoto.

"Asali itamurudishia nguvu," alisema. "Tuombe, baba Élise. Mungu amuponyeshe."

Wakapiga magoti. Mbele ya mkewe Symphorien angeweza kunyamaza. Mbele ya Mungu hakuweza kusema uongo.

"Bwana, mutoto wetu Élise..." "Raha ya milele umpe, ee Bwana."

Midomo ya Philomène, iliyozoea kuitikia sala ya marehemu matangani, ikajibu kabla moyo wake haujaelewa: "Na mwanga wa milele umwangazie."

Kisha akainuka.

Hakupiga yowe. Alifungua furushi, akatoa ile chupa ya asali, akairudisha kabatini. Akakunja upya nguo za mtoto.

"Na kitoto?"

"Wamesema iko muzima."