Heroe wa Hilda

Kabla kahawa haijachemka, shemeji yangu Melkior alikuwa amekwisha kufika kwetu Uru, amevaa koti lake la Pasaka.

"Meku, mzee mwenzangu, leo ndiyo leo," alisema akiwa bado mlangoni. "Ama dada yangu anawaona ndege wake, ama nakupeleka kwa paroko ukatubu uongo."

Alikuwa na haki ya kusema. Mwaka 1979, nilipokwenda kumposa Hilda, wazee wa kwao walipomaliza kutaja mablanketi, mbuzi na mapipa ya pombe ya mbege, mjomba wake mmoja alimgeukia kwa utani: "Na wewe binti, unataka nini?" Hilda akasema anataka kuwaona wale ndege wa rangi ya waridi ambao huyu kijana hachoki kumsimulia. Watu wakacheka. Mimi nikasimama, nikaahidi mbele ya ukoo mzima kwamba mwaka hautaisha kabla sijampeleka.

Imekwisha miaka arobaini na sita. Si kwamba nilikuwa mvivu. Mimi ni mwashi, na matangi mengi ya maji unayoyaona Uru niliyajenga kwa mikono hii. Lakini kulikuwa na watoto watano wa kusomesha, na kila mwaka ulikuja na lake. Halafu macho ya Hilda yakaanza kuingia ukungu. Februari hii alitolewa mtoto wa jicho upande wa kushoto. Siku bandeji ilipofunguliwa alitazama khanga ya muuguzi akasema, "Kumbe bado kuna rangi nyekundu duniani!" Nikajua wakati umefika.

Ndege wenyewe ni heroe. Niliwajua darasani. Mchana nilikuwa nabeba zege, jioni nashuka Moshi mjini kwenye darasa la watu wazima. Mwalimu wetu alichora maziwa ya Momella ubaoni, na pembeni ya lile kubwa akachora ndege wenye miguu mirefu kwa chaki nyekundu. Niliandika kwenye daftari: *Heroe hukaa Momella Kubwa.* Daftari hilo ninalo hadi leo, na asubuhi hiyo nilikuwa nalo mfukoni.

Dereva wetu, Sadallah wa Njoro, ni mtu mzima mwenye mvi chache na gari linalofunguka juu.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba. Twende, usimpe shemeji nafasi ya kuhutubia," nilisema.

Kwenye geti la hifadhi yalimo maziwa hayo, askari alikagua kapu la Hilda. Akatoa chupa ya chai, bakuli la kiburu cha ndizi na maharage, na chini kabisa mundu uliofungwa kwenye kitambaa.

"Mama, hii ya nini?"

"Ni yangu."

"Najua ni yako. Lakini ya nini humu hifadhini?"

"Mwanangu, mimi tangu nipate akili sijawahi kwenda kwenye nyasi bila mundu."

Melkior alicheka hadi akashika mlango wa gari. Mundu ukabaki getini, na Hilda akageuka kuutazama kama mtu aliyemwachia jirani mtoto. Kwetu mlimani ng'ombe hatoki zizini, nyasi ndizo zinazomfuata. Hilda amezikata kule tambarare na kuzipandisha kichwani tangu nimemwoa.

Basi tukaingia, na sisi wazee watatu tukawa watoto. Twiga wanne walikatiza barabara bila haraka, mmoja akasimama akatuchungulia kutoka juu. Msituni mbega walirukaruka, mikia yao myeupe ikipepea nyuma. Ngiri alipita mbio mkia umesimama wima, Melkior akamwita mwenyekiti wa kijiji. Nilisimama kwenye kiti, kichwa nje ya paa, nikipiga kelele kama niko uwanjani kwenye mpira. Lakini Hilda kila mara aliangalia chini.

"Nyasi zimefika magotini," alinong'ona. "Na hakuna hata anayezikata!"

Saa nane tukafika Momella Kubwa. Nilitoa daftari, nikasafisha koo, nikawaambia wageuke upande wa kulia.

Ziwa lilikuwa tupu. Kulikuwa na bata wawili.

"Hao ndio?" Melkior aliuliza. "Wamefupishwa miguu?"

"Watakuja. Imeandikwa."

"Mzee wangu," Sadallah alisema kwa adabu, "ndege hawa hawajasoma daftari lako. Wanahama. Wiki iliyopita walikuwa hapa, jana sikuja."

Tukaenda ziwa la pili. Viboko, ndiyo. Heroe, hakuna. La tatu, hakuna. Saa tisa na nusu ikafika, na kabla ya saa kumi na mbili lazima tuwe tumetoka. Nikasema turudi Momella Kubwa tukae, tuwangoje. Melkior hakutania tena, na hilo liliniuma kuliko utani wote.

Hilda ndiye aliyeuliza. "Sadallah, baba, hawa ndege wanakula nini?"

Nilifungua daftari. Halikusema. Miaka arobaini na sita nimesimulia habari za ndege hawa, na sijawahi kujiuliza wanakula nini.

"Wanakula vijimea vya kijani vinavyoota ndani ya maji, mama, vidogo kama unga," Sadallah alijibu. "Wanavichuja kwa midomo. Hata ile rangi yao wanaipata kwenye chakula hicho."

"Kumbe!" Hilda alipiga paja. "Sasa kwa nini mnatafuta ndege? Tafuteni malisho! Nyasi zikikauka kule chini mimi sizunguki nikichungulia kila shamba. Napanda mahali pa juu, naangalia wapi pana kijani. Nipelekeni juu."

"Kipo kilima cha kutazamia," alisema Sadallah. "Wanaruhusu kushuka garini. Lakini mzee anataka turudi kungoja. Muda hautoshi vyote viwili."

Wote wakanitazama. Daftari lilikuwa wazi mkononi, mwandiko wangu wa ujana umenyooka kama ukuta uliopimwa kwa timazi. Nililifunga, nikalirudisha mfukoni.

"Kilimani," nikasema. "Kanyaga mafuta!"

Tulipanda, Hilda mbele, mimi na Melkior tukihema nyuma yake. Juu kule maziwa yote yalikuwa chini yetu, na kila moja na rangi yake. Moja la kijivu, moja kama chai ya rangi, jingine buluu. Hilda aliziba jicho la kulia kwa kiganja, akatazama kwa lile jipya, taratibu, kipande kwa kipande.

"Lile kule nyuma ya miti. Kijani kama mchicha. Na pembeni yake kuna ukingo wa... Baba Remi, ule ni udongo?" aliniuliza.

Sadallah aliinua darubini. Akaishusha, akaanza kukimbia kuelekea kwenye gari.

Barabara ya huko ilikuwa na tope, gari likacheza kama ng'ombe aliyeona damu. Katikati ya njia tukakuta nyati kama thelathini wamesimama. Sadallah akazima injini. Dume moja lilituangalia dakika kumi nzima, linacheua.

"Mwambieni sisi ni wakwe," Melkior alinong'ona.

Mwishowe dume likapiga chafya, likaondoka, na wengine wakalifuata. Tukapinda kona ya mwisho.

Ukingo wote wa ziwa ulikuwa wa waridi. Maelfu! Walitembea pamoja vichwa vimezama majini, wakageuka wote kwa mara moja, na sauti yao ilikuwa kama soko la Jumamosi likisikika kutoka mbali. Kundi moja likaruka, mabawa yakafunguka, na chini ya mabawa kulikuwa na wekundu ambao ile chaki ya mwalimu haikuukaribia. Nilipiga kelele. Melkior alivua kofia.

"Shemeji," alisema, "hukumwonyesha wewe. Amejionyesha mwenyewe."

Ilikuwa kweli. Nilimgeukia Hilda kumuuliza kama ahadi yangu imetimia au bado.

"Aliahidi kunileta," Hilda alimjibu kaka yake bila kuondoa macho ziwani. "Amenileta. Na wewe nyamaza, nawasikiliza. Baba Remi, sogea, unaniziba."

Nikasogea. Melkior alinipa mkono, nami nikaushika kwa mikono miwili.

Tulifika getini zikiwa zimebaki dakika tano. Askari yule yule alimrudishia Hilda mundu wake.

"Mama, umewaona heroe?"

"Nimewaona, mwanangu. Mungu awabariki." Aliufungia mundu kwenye kitambaa, akaurudisha kapuni, halafu akageuka kutazama tena ndani ya hifadhi. "Lakini zile nyasi! Nyasi zote zile!"