Bibi Aliyekufa Mara Saba

Alianza kulia kwa mshahara akiwa na miaka saba. Tamthilia ilirushwa kila Jumatano jioni, naye aliigiza yatima anayehamishwa kutoka kwa baba mdogo kwenda kwa shangazi, na kila alikopelekwa aliwakuta wakatili kuliko alikotoka. Watazamaji wakambandika jina la Machozi. Jina likamganda, hata mwalimu wa darasa akawa analitumia anapoita mahudhurio.

Mwanzoni walijaribu kitunguu. Kikamvimbisha kope, akaonekana mgonjwa badala ya mwenye huzuni. Ndipo mwongozaji akamchukua pembeni. Huyu alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, waliyemwita Bwana Tena kwa sababu hakuna kitu kilichomridhisha mara ya kwanza. Akachuchumaa mbele ya mtoto, akamshika mabega.

"Mwanangu, jikaze. Bibi yako amefariki leo asubuhi."

Machozi alikuwa akilala kitanda kimoja na bibi yake tangu aachishwe ziwa. Alilia mpaka makamasi yakaingia kinywani, na nyuma ya Bwana Tena kamera ilikuwa imekwisha kuwashwa.

"Kata," alisema mwongozaji. "Safi sana. Bibi yako mzima, mwanangu. Nilikuwa natafuta hisia."

Akapewa soda ya chupa na mrija. Waliporudi nyumbani, yeye na mama yake, walimkuta bibi mlangoni anashona kifungo cha sare ya shule. Mtoto akamng'ang'ania miguu asimwachie. Bibi akauliza kulikoni.

"Kazi imemchosha tu," mama akajibu, akapita kwenda kuvua viatu.

Kwa miaka miwili iliyofuata bibi alikufa mara tano zaidi: akagongwa na lori, akaungua jikoni, akaanguka kisimani ingawa mtaa mzima haukuwa na kisima. Mara ya sita Bwana Tena alikuwa ameishiwa ubunifu, akasema tu, "Bibi." Machozi akalia papo hapo. Alikuwa haamini tena, lakini macho yalikwisha kuzoea kazi yao.

Alipofika miaka kumi na miwili alirefuka ghafla, kana kwamba mtu alikuwa akimvuta usiku. Yule shangazi mkatili wa kwenye tamthilia akawa anamchapa huku akitazama juu. Waandishi wakakaa kikao, wakampeleka yatima ng'ambo kusoma, na mpaka leo hajarudi.

Bibi alikufa kweli Machozi akiwa kidato cha pili. Akina mama waliojaa sebuleni walimpisha nafasi katikati, wengine wakasogeza viti wapate kuona vizuri. Yeye akakaa, ametazama zulia, macho makavu kama karatasi. Alingoja machozi yaje. Hayakuja. Siku ya pili akamsikia mama mdogo akimnong'oneza jirani: "Kwenye televisheni alikuwa akimwaga ndoo nzima kwa ajili ya watu asiowajua. Kwa mama yetu anabana."

Hilo lilimkaa rohoni miaka mingi kuliko msiba wenyewe.

Kukua akiwa na uso unaojulikana kulikuwa na adha zake. Muuguzi alimdunga sindano huku akimwomba alie kidogo, ampige picha ya kumbukumbu. Kwenye usaili wa kazi ya ukarani, wakubwa watatu waliacha kumuuliza maswali, wakaanza kubishana ni nani hasa aliyemfungia stoo, baba mdogo au shangazi. Alitangaza leso za karatasi, kisha dawa ya macho, kisha bima ya mazishi, mpaka naye akaona mwelekeo wa maisha yake si mzuri.

Akapata kazi katika chumba kidogo ghorofani, ya kuhariri video za harusi. Alikaa huko miaka sita, na hapo ndipo akili ilipofunguka. Aligundua kwamba watu wakishajua wanapigwa picha, nyuso zao zote zinafanana. Kilicho chao ni kile wanachofanya sekunde chache kabla hawajajua: bwana harusi anayejaribu kukumbuka jina la mkwe, shangazi anayeficha keki mkobani. Vipande hivyo wateja waliagiza vikatwe. Alivikata, akavitunza. Baadaye akaazima kamera akaanza kutengeneza filamu fupi zake mwenyewe, moja kuhusu wasafisha madirisha, nyingine kuhusu mwanamke anayetangaza mabasi kwenye spika ya stendi. Ziliangaliwa na watu wachache, lakini hao wachache hawakuondoka ukumbini.

Alipotimiza miaka thelathini na minne aliandika filamu ndefu, ya msichana mdogo na msiba wa babu yake. Akaipeleka kwenye kituo kilekile cha televisheni. Meneja wa vipindi aliisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, akavua miwani.

"Dada, tutaitengeneza. Ila nataka kilio. Nchi nzima inakujua kwa kilio. Ukurasa wa arobaini mtoto alie dakika mbili, kamera isogee karibu, chozi lionekane likishuka. Tumeelewana?"

Wakaelewana, kwa maana kwamba yeye alinyamaza na meneja akatia saini.

Mtoto aliyemchagua alikuwa binti wa fundi saa, mwenye miaka minane, mwembamba, asiye na haraka, mwenye tabia ya kumaliza kufikiri ndipo ajibu. Mama yake Machozi alikabidhiwa mavazi. Alikuwa mkali wa pasi na mikunjo, na alimwambia kila aliyemsikiliza kwamba yeye ndiye aliyemlea nyota.

Siku ya ukurasa wa arobaini walikuwa katika nyumba ya kukodi, sebule imejaa waombolezaji wa kulipwa. Mtoto alisimama kwenye alama yake. Hakulia. Wakarudia mara nne. Mpiga picha akapendekeza dawa ya matone; ikashuka shavuni kama mvua ya dirishani, kila mtu akaona uongo. Meneja, aliyekuja kuangalia fedha za kituo zinavyotumika, alianza kutazama saa.

Mama akamvuta bintiye hadi kwenye korido, karibu na nguo zilizotundikwa.

"Unajisumbua bure," alisema. "Mchukue pembeni, mwambie nyumbani kwao kuna mtu amefariki. Akishalia utamweleza ukweli, na soda umpe. Kwako ilifanya kazi."

Machozi alimtazama. "Mama, ulikuwa unajua?"

"Kujua nini?"

"Tangu ile siku ya kwanza. Kabla hajaniambia."

Mama akaanza kunyoosha kola ya shati lililokuwa limenyooka. "Aliniuliza, nikamwambia sawa. Tulikuwa tumeshindwa siku nzima, walitaka kumleta mtoto mwingine." Akahamia kola ya pili. "Nilidhani utasahau. Watoto husahau."

"Sijasahau hata mara moja kati ya sita."

"Mimi pia," mama akasema. "Usifikiri nilikuwa nimesimama pale nafurahi. Kila alipomtaja mama yangu nilikuwa nauma huu mkanda wa mkoba."

Machozi alitamani kumfokea, na alitamani kumkalisha chini, na hakufanya lolote kati ya hayo. Akarudi sebuleni, akachuchumaa mbele ya mtoto, na mara akajiona amechuchumaa vilevile kama Bwana Tena, mikono yake mwenyewe inakwenda kushika mabega. Akaishusha. Akakaa sakafuni.

"Umewahi kufiwa?" akauliza.

Mtoto akafikiri. "Babu yangu. Mwaka juzi."

"Ulilia?"

"Hapana. Watu walikuwa wengi, wameacha viatu mlangoni vimechanganyika. Nikawa natafuta kila kiatu na mwenzake. Nilimaliza vyote. Halafu wengine wakaja, nikaanza upya." Akashusha sauti. "Ni vibaya, Anti?"

"Si vibaya. Mimi kwa bibi yangu nilitazama zulia siku mbili. Mpaka leo naweza kukuchorea maua yake."

Akasimama, akawaomba waombolezaji wote wavue viatu, wavimwage mlangoni. Mpiga picha akalala kifudifudi. Mtoto akaanza kupanga, kiatu na mwenzake, anapangusa vumbi kwa kiganja, na hakuna aliyemwambia lini aache. Zikapita dakika tisa. Mwombolezaji mmoja wa kulipwa, aliyekuja hapo kwa ujira wa siku, alitoka nje akawa anapenga kamasi ukutani. Meneja akauliza chozi liko wapi, akajibiwa na mpiga picha kwamba liko nje, na halikuwa kwenye bajeti.

Kituo kilikataa kuirusha. Miezi minane baadaye ikachaguliwa na tamasha moja la ng'ambo, ikapata tuzo, na siku mbili tu baada ya habari kuchapishwa gazetini kituo kikatangaza kwamba kiliiamini filamu hiyo tangu mwanzo. Wakaandaa onyesho rasmi, na zulia jekundu la kukanyaga. Mhadhiri wa chuo akasimama kueleza kwamba viatu vile ni taswira ya taifa linalotafuta mwenzake. Binti wa fundi saa, aliyekaa mstari wa mbele, akamwuliza mama yake taifa lilivua viatu lini.

Kisha akaitwa mgeni rasmi, Bwana Tena, ambaye sasa alitembelea mkongojo na aliheshimiwa na kila mtu ambaye hakuwahi kuigiza chini yake. Alimshika Machozi mkono mbele ya kamera.

"Huyu nilimfundisha mimi," alisema. "Kila anachokijua kuhusu watoto kilitoka kwangu."

"Ni kweli," Machozi akajibu kwenye kipaza sauti. "Huyu mzee alimuua bibi yangu mara sita nilipokuwa mtoto, ili nilie. Nilipokuwa natengeneza filamu hii nilijiuliza kila asubuhi yeye angefanyaje. Kisha nikafanya vingine."

Ukumbi ukacheka, wakidhani ni utani wa wasanii. Bwana Tena naye akacheka, na kicheko chake ndicho kilichodumu zaidi. Ni mama peke yake, kule pembeni alikosimama na sindano na uzi kwa ajili ya vifungo vya dharura, ambaye hakucheka.

Wiki iliyofuata meneja alipiga simu. Alitaka vipindi kumi na vitatu vya watoto wasiolia, na akasema soko limebadilika, siku hizi watu wamechoka na machozi. Machozi alimshukuru kwa adabu, akakataa, akaendelea na kazi aliyokuwa nayo mkononi, filamu kuhusu wanaume wanaofua mashuka ya hospitali. Chumba cha mashine kilikuwa na joto la kuzimia, na mtu wa sauti alikuwa ameugua. Mama akajitolea kushika ile fimbo ndefu ya maikrofoni. Baada ya dakika kumi fimbo ilianza kumshinda. Bintiye akamfuata kimya kimya, akasimama nyuma yake, akaishika fimbo kwa chini, na mfuaji wa kwanza akaanza kueleza jinsi doa la damu linavyotolewa kwa maji baridi.