Wiki Mbili za Makabidhiano

Barua ya hospitali ilikuwa fupi. Baada ya miaka tisa, programu ya kupanga miadi ya wagonjwa ingetunzwa na mafundi wa ng'ambo, ambao bei yao ni nusu ya bei ya mwanamke aliyekuwa akiitunza. Alipewa wiki mbili za kukabidhi. Hakugomba. Alikuwa fundi wa kujitegemea, na wa kujitegemea hana meneja wa kumlilia.

Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi naye, ndiye aliyekuja juu. "Programu aliyoitengeneza mwanangu! Leo unamfundisha mgeni akunyang'anye tonge mdomoni?"

"Mama, nisipomfundisha ataivuruga, na watakaoteseka ni wagonjwa."

"Basi mfundishe nusunusu."

Fundi akacheka, akaenda kuwasha kompyuta.

Mgeni mwenyewe, aliyezungumza naye kwa mtandao, alikuwa msichana mwenye sauti ndogo, chumbani kwake kuna feni yenye kelele. Wote wawili Kiingereza walikuwa wamekiazima tu, wakaelewana kwa kwenda polepole. Siku nne za mwanzo fundi alijibu alichoulizwa, basi. Habari za nyumbani hakuuliza.

Siku ya tano msichana akasema, "Dada, kwenye sehemu ya tarehe kuna maelezo ya lugha yenu. Nimejaribu kuyatafsiri, yananichanganya."

Sehemu ile aliiandika mumewe peke yake, na kwa kuwa haikuwahi kuharibika, fundi hakuwahi kuifungua. Akaifungua sasa. Katikati ya mistari ya programu kulikuwa na maneno ambayo kompyuta huyaruka, yaliyowekwa kwa ajili ya binadamu atakayepita baadaye.

*Bosi, hapa ni kwangu. Ukikwama usihangaike, niite.*

Bosi ndivyo mumewe alivyomwita nyumbani. Akashuka chini zaidi.

*Bosi, ulisema kweli kuhusu Februari ishirini na tisa. Nimerekebisha. Kwa mdomo sikubali ng'o.*

Ubishi ule, kabla programu haijaanza kutumika, kwamba ingeiruka siku hiyo ya mwaka mrefu, uliwanunisha siku tatu nzima, na mume aliapa kuwa hapakuwa na kosa lolote. Fundi akaziba mdomo kwa kiganja. Kicheko na kilio vilimjia pamoja.

"Dada? Nimekosea?"

"Hapana. Aliyeandika ni mume wangu. Ana mwaka wa pili kaburini."

"Pole sana, dada," msichana akasema. "Niliagizwa nifute maelezo yote nisiyoyaelewa."

"Futa, mdogo wangu. Kazi ni kazi."

"Basi nisomee yote, taratibu, neno kwa neno. Nikiyaelewa, sina sababu ya kuyafuta."

Siku ile hawakukabidhiana kitu kingine. Fundi alisoma, akafafanua. Mama mkwe akatoka jikoni mikono imelowa, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Hebu rudia hilo la Februari."

Akarudia.

"Mjinga yule!" bibi akasema, akijifuta macho kwa kanga. "Siku ileile alinijia: 'Mama, mke wangu kanishinda.' Akaniapisha nisikwambie."

"Na wewe ukanyamaza miaka yote?"

"Si aliniapisha?"

Wakacheka mpaka msichana, asiyeelewa hata neno, naye akacheka huko aliko.

Tangu hapo fundi alimfundisha kila alichokijua, hata ambacho mkataba haukutaja. Siku ya mwisho msichana akamwambia mkataba wao wenyewe ni wa miezi sita, na kuna mafundi wa nchi nyingine ambao tayari wanataja bei ya chini kuliko yao.

"Basi anza kutafuta wateja wengine sasa hivi," fundi akamwambia. "Mimi nilichelewa."

Alikaa miezi miwili akituma maombi. Mwishowe chuo kidogo cha ufundi kikampa aitunze programu ya kusajili wanafunzi, kazi ndogo kuliko ile, lakini yake. Wiki iliyopita kitu kilimshinda tangu asubuhi, akamwandikia msichana. Jibu lilimfikia kabla chai haijapoa, na mwisho wake msichana alikuwa ameuliza: bibi hajambo?